Amplifaya ya Mjomba Niliiharibu Mimi

Mpendwa mshauri, nakuandikia huku uso umenishuka, na sijui kama nikimaliza nitathubutu kuituma barua yenyewe. Mimi ni fundi cherehani, na Jumamosi hupiga gitaa katika bendi yetu ndogo ya sherehe, na kwa miaka kumi na mitatu gitaa langu limepitia kwenye amplifaya aliyoiunda mjomba wangu, fundi redio, mbao kazipiga randa mwenyewe, spika kaitoa kwenye redio kubwa iliyokufa, na kila tukipiga yeye hukaa kando yake na bisibisi mfukoni, akisikia mkwaruzo tu anainama, na hiyo ndiyo nafasi yake katika bendi kwa sababu hapigi chombo wala haimbi.

Sasa mwaka huu nikagundua simu yangu inaweza kazi yote ile, unachomeka gitaa kwenye kifaa kidogo kisichozidi kiberiti, kifaa kwenye simu, simu kwenye spika za ukumbi, na humo ndani kuna sauti ya mwangwi, kuna ya kunguruma, kuna ya kutetemeka, unagusa kioo tu, wakati amplifaya ya mjomba tunaibeba watu wawili na ina sauti moja, nzuri sana, lakini moja. Nikashindwa kumwambia. Kila nikitaka kusema namwona anaifuta vumbi, naahirisha, basi siku moja alipotoka karakanani kidogo nikafungua kifuniko cha nyuma nikapasua solda moja, lile tone la risasi linaloshika waya, chini ya ubao wa nyaya, ufa mwembamba usioonekana, sauti ikakatika, na aliyenifundisha kwamba ufa wa namna hiyo ndio unaowatoa mafundi jasho ni yeye mwenyewe.

Nilidhani atatafuta siku mbili, atachoka, atasema tumia hiyo simu yako. Kutumia natumia, na watu wanasifu, ila yeye hajachoka, wiki ya tano hii, redio za wateja zimelala rafuni, kila nikipita nakuta ameilaza kifudifudi na kuvaa miwani miwili kwa pamoja. Juzi akaniambia, taratibu tu, "Mikono yangu imesahau kazi. Chombo nimekiunda mwenyewe siuoni ugonjwa wake, cha mtu mwingine nitauona wapi?" Anataka kufunga karakana, na bisibisi zake nzuri amesema nichukue mimi. Nimelia, mshauri, mtu mzima na ndevu zangu. Nafikiria akienda kula mchana niingie niichomelee ile solda kimya kimya, iamke yenyewe, mambo yaishe. Au nimwambie? Nikimwambia, nitamtazamaje tena?

Mpiga Gitaa Mwenye Aibu

*

Mpwa wa watu,

Simu yako haina kosa. Ungemwambia, "Mjomba, nimechoka kubeba, tena nataka sauti nyingi," angenuna wiki moja, na wiki ya pili angekuomba uifungue hiyo simu aone imeundwaje. Mafundi ndivyo walivyo. Wewe ukaona heri umtie mzee ugonjwa kuliko kumpa ukweli, tena kwa ujuzi aliokupa yeye. Asante ya punda ni mateke.

Hata hivyo nakuonea huruma, maana hukufanya kwa chuki. Uliogopa kumuudhi, na wengi wetu tumewahi kuumiza watu kwa woga wa namna hiyo.

Ila hiyo ya kuchomelea kimya kimya itoe kichwani leo. Fundi haamini miujiza. Chombo kikiamka chenyewe ataona kilimshinda kilipoharibika na kikamshinda kilipopona, na hapo karakana ataifunga kweli.

Nenda kesho asubuhi kabla hajapata wateja. Simu iache nyumbani. Akikufukuza, ondoka, urudi keshokutwa. Akikutukana, pokea, ni haki yako. Akiuliza ni solda ipi, mwonyeshe kwa kidole na usishike kitu, achomelee mwenyewe. Bisibisi usichukue hata moja. Akishatulia, mwambie pia kwamba Jumamosi utaendelea kupiga kwa simu, kwa sababu ukirudi kubeba amplifaya kwa kumhurumia utakuwa unamdanganya mara ya pili, na njia ya mwongo ni fupi. Nafasi yake katika bendi mtaizungumza nyote, akiwepo, si nyuma ya mgongo wake.

Jambo la mwisho, na hili ndilo kubwa. Usianze na habari za uzito wa amplifaya, wala usianze na "nisamehe". Msamaha unautaka wewe. Yeye kinachomuumiza ni kingine, na amekibeba wiki tano akidhani uzee umemfika. Kwa hiyo ukiingia, hata kabla hujakaa, sema: "Mjomba, mikono yako haijasahau kitu. Amplifaya niliiharibu mimi." Halafu nyamaza, umsikilize.