Siku Nane na Mama Mkwe Mtoni

Regensburg, Ujerumani
Jumapili, nimetoka kanisani

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mama. Mulembe kwa Baba pia, na kwa kila mtu aliyeamka salama hapo nyumbani. Mguu unaendeleaje? Dada Nekesa aliniambia siku hizi unatembea hadi sokoni Sirisia bila fimbo, nami nikamwambia wewe unaweza kuificha fimbo nyuma ya mlango ili watu waseme umepona. Niambie ukweli. Mahindi mmeshatoa shambani? Na yule ng'ombe mwekundu alizaa? Sisi huku ni wazima. Katrin mke wangu ni mzima, na kazi ya hospitali ni ile ile, wagonjwa wanaita na sisi wauguzi tunakimbia.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Uliponiuliza, "Hiyo safari ya meli ilikufaa nini?" nilikujibu tutaongea, ukanyamaza vile unanyamazanga ukijua mtu anaficha jambo. Mama, simu yenu mnaiweka sauti kubwa, Baba anasikia, jirani aliyekuja kuomba chumvi pia anasikia. Mambo ya mama mkwe siwezi kuyasema hivyo. Ndiyo maana nimempa mwenzangu wa kazi anayekuja Kitale hii barua, aiache kwa Nekesa pale dukani kwake Tuwan.

Haya. Mama ya Katrin alikuwa anatimiza miaka sabini. Jina lake silitaji, unajua mkwe hataji jina la mama mkwe. Akasema hataki sherehe, anataka twende sisi watatu kwa meli, siku nane, kwa mto unaoitwa Danubi. Unapanda hapa Ujerumani na unashuka Budapest, mji wa nchi nyingine kabisa. Katrin alifurahi akaruka. Mimi nilianza kutafuta zamu za ziada hospitalini ili nikose nafasi, lakini Katrin alikuwa ameshazungumza na mkubwa wangu.

Unajua nimemheshimu huyo mama miaka minne. Akija kututembelea, mimi nina zamu. Akikaa sebuleni, mimi niko jikoni naosha sufuria ambazo ni safi. Akinyoosha mkono, mimi mikono yangu ina sabuni. Nilimwambia Katrin mara moja tu, mwanzoni, kwamba kwetu mkwe hakai na mama mkwe hivihivi wala kumshika mkono, ndiyo heshima. Akacheka sana, akadhani ni mzaha. Nikaona aibu kurudia. Nilifikiri mama mwenyewe akiona ninavyomkwepa ataelewa, si kila mtu mzima anaelewa heshima akiiona? Hilo ndilo kosa langu, Mama.

Siku ya kupanda alikuja na mikono wazi, anikumbatie mbele ya watu. Niliinama haraka kushika sanduku, na yeye akamkumbatia yule mfanyakazi wa meli aliyekuwa nyuma yangu. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Sasa hiyo meli. Usifikirie ni kubwa. Ni nyembamba na ndefu, na ndani kuna ukumbi mmoja wa kulia, ukumbi mmoja wa kukaa, na korido moja ambayo watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Chumba chake kilikuwa kinatazamana na chetu mlango kwa mlango. Nilikuwa nachungulia kwanza kama mwizi wa kuku kabla ya kutoka. Meza ya chakula tulipangiwa moja, viti vitatu, na mimi nikipakua chakula nasema tumbo linanisumbua nikikaa, nakula nimesimama nje kwa baridi. Wazee wengine wa meli walinionea huruma, wakaanza kuniletea dawa za tumbo. Nilikuwa na pakiti nne.

Mto wenyewe ni mzuri, sitadanganya. Maji yana rangi ya mto wetu Nzoia ukishanyeshewa. Kuna milima imepandwa zabibu juu mpaka chini, mteremko kama wa kule Kapsokwony, nikawa najiuliza wanapalilia vipi bila kuteleza. Kuna makanisa makubwa ajabu, ndani watalii kibao na waumini watatu. Lakini Mama, mimi ni mtu wa kuamka na kwenda. Kule unaamka na huna pa kwenda. Nilizunguka hiyo meli mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilitandika kitanda, nikapiga deki bafu, na msichana wa usafi akaja kumuuliza Katrin amefanya kosa gani.

Siku ya tano mambo yakaharibika. Kuna mahali meli inaingia katikati ya kuta mbili za saruji, lango linafungwa nyuma, maji yanatolewa polepole mpaka mshuke chini kama ndoo kisimani. Mbele kulikuwa na daraja la chini sana, kwa hiyo wakafukuza kila mtu kutoka juu ya meli, tuingie wote ule ukumbi wa kukaa. Ukumbi ulijaa. Kiti kilichobaki ni kimoja tu, na kilikuwa kando ya mama mkwe. Alikuwa amekiwekea mkoba wake, akautoa, akakipigapiga kwa mkono akinitazama. Watu wote wakatazama.

Nilibaki nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, Mama. Karibu saa nzima. Sikumwangalia, lakini niliona akirudisha mkoba kwenye kiti, halafu akatoa kitambaa akapangusa macho.

Katrin alinifuata chumbani akafunga mlango. Sijawahi kumwona vile. Akasema, "Wafula, unajua kwa nini mama alichagua meli? Alisema, kwa meli hawezi kukimbia, nitamuuliza nilimkosea nini. Miaka minne anadhani unamchukia. Ametumia siku yake ya kuzaliwa kwa sababu yako. Akishuka hapa bila wewe kumwambia neno, mimi sijui nitaishi na wewe vipi."

Mama, niliketi kitandani nikashika kichwa. Mimi namchukia? Huyo mama alinishonea sweta kabla hata hajaniona. Nilitaka kutoka niende mahali popote, lakini pande zote ni maji.

Kesho yake asubuhi nilimwomba Katrin apange viti vitatu huko juu, vyote vitazame mto, yeye akae katikati. Mama mkwe akaja, akaketi upande ule, mimi upande huu. Nikatazama maji nikasema, "Katrin, mwambie mama kwamba simchukii." Kijerumani hicho hicho anachokisikia mwenyewe! Katrin akaniangalia kama nimerukwa na akili. Halafu Mungu ambariki, akageuka akasema, "Mama, anasema hakuchukii." Na mama akamjibu, "Mwambie nimesikia. Muulize basi ni nini."

Sikujua nianzie wapi. Nikajikuta nawaeleza juu ya shemeji Kiboi, mume wa Nekesa. Niliwaambia vile ulivyovunjika mguu ulipowatembelea kule mlimani, matope mpaka magotini, na yeye ana pikipiki yake mlangoni. Vile hakuweza kukubeba wewe mama mkwe wake mgongo kwa kifua, akaenda kuita jirani akubebe kwa pikipiki hiyo hiyo. Na yeye mwenyewe akafuata nyuma kwa miguu, kwa mvua, gambuti zake za mpira zimejaa maji, mpaka hospitali. Na alipofika hakuingia wodini. Akasimama dirishani akauliza, "Mama ameamkaje?" Nikawaambia wewe ulisema kutoka kitandani kwamba katika watoto wako wote hakuna anayekupenda kama huyo.

Mama Katrin hakupitia tena kwa Katrin. Akauliza, "Kwa hiyo miaka hii minne ulikuwa unafuata pikipiki yangu kwa miguu?"

Nililia, Mama. Mwanaume mzima, mbele ya wazee wa Kijerumani na vikombe vyao vya kahawa. Nikasema ndiyo.

Akauliza kama jambo hilo huwa lina mwisho au ni mpaka kaburini. Nikamweleza vile sisi tunafanya nyumbani: mama mkwe ndiye anapanga siku, mkwe analeta blanketi, anamfunika mabegani, kuku anachinjwa, na hapo ndipo mkono unashikwa na mnaweza kula meza moja. Akauliza, "Siku ninapanga mimi?" Nikasema, "Wewe." Akasema, "Kesho. Budapest."

Haki ya Mungu, hakufikiria hata dakika mbili. Nilitafuta blanketi Budapest nzima nikitoka jasho. Nikapata nyekundu, nzito, ya sufu. Nikamkuta amesimama kando ya mto amevaa nguo yake ya kanisani, mikono imetulia mbele, hatua kumi kutoka kwangu, vile nilikuwa nimemwambia. Nikamfunika. Akatoa mkono. Mkono wake ni mdogo, nikaushika. Jioni hiyo tulikula meza moja, na nikamaliza sahani mbili mbele yake. Wale wazee wa dawa za tumbo wakapiga makofi.

Sasa uliuliza safari ilinifaa nini. Kama ni meli yenyewe, usimshauri mtu. Siku nane za kuzungushwa na kulishwa bila kushika jembe, mimi sirudi hata nikibebwa. Lakini nikiambiwa nirudie ile siku ya Budapest, naenda leo.

Jambo moja halijakamilika. Blanketi ilitolewa ugenini, bila mzee, bila kuku. Nakuomba Jumamosi ya kwanza ukishapata barua hii unichinjie jogoo hapo nyumbani, useme ni wa Wafula na mama mkwe wake, ili liwe jambo lenye mashahidi. Mama Katrin anataka kuja Desemba, na ameuliza ataketi wapi.

Nisalimie Baba, na umwambie barua hii asisome kwa sauti. Salimia dada Nekesa, na Kukhu, nyanya yetu, mwambie sijasahau tumbaku yake.

Na shemeji Kiboi. Huyo usimtumie salamu zangu kwa mtu. Mama, tulipokuwa tunakula, Mama Katrin aliweka uma chini akaniuliza, "Na yule wa pikipiki, mama yako alishampangia siku?" Ni miaka kumi na moja sasa, hujampangia. Najua blanketi anayo, Nekesa aliniambia iko kwa sanduku, imefungwa na nailoni, hathubutu kuuliza.

Jumamosi hiyo, jogoo akishachinjwa, Kiboi atakuwa amesimama getini kama kawaida yake. Mwite aingie.

Ni mimi mwanao, ninayekukumbuka kila nikinawa mikono,
Wafula