Kuosha Injini ya Gari la Kadzo

Jumatatu, 12 Januari

Nimetoka kazini, kwenye mabwawa ya chumvi, na chumvi kwenye nyusi, chumvi ndani ya viatu. Sikuoga. Nikaenda kuliwasha gari lipumue kidogo, kama kawaida yangu kila Jumatatu. Likawaka kwa taabu. Moshi. Harufu ya mafuta yanayoungua. Nikalizima.

Gari ni la mke wangu, Kadzo. Kabla hajaenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, alikuwa akipakia mboga alfajiri na kuzipeleka soko la Malindi, mimi nikikaa pembeni kama abiria. Kuendesha najua, lakini sina mapenzi nako. Yeye ndiye mwenye gari na ndiye anayelijua. Tangu aondoke limekaa chini ya mabati, na hapa Marereni upepo wenyewe una chumvi.

Jioni akatuma ujumbe wa sauti. Mkataba umekwisha. Mwenye nyumba anayomfanyia kazi amekubali arudi mwisho wa mwezi, siku bado haijapangwa. Halafu akasema: "Baba Neema, usiniletee teksi. Nikitoka pale uwanja wa ndege wa Mombasa nataka nilione gari langu."

Nimeusikiliza hadi simu imeisha chaji.

Jumatano, 14 Januari

Fundi Salim amekuja kutoka Malindi. Akafungua boneti, akainama kutazama.

"Bwana Karisa, humu sioni injini, naona matope. Mafuta yanavuja, lakini kwa uchafu huu siwezi kujua yanatokea wapi. Lisafishe kwanza, kisha uniite. Na usithubutu kwenda nalo Mombasa hivi. Mafuta yakidondokea ekzosi, litashika moto njiani."

Akaondoka. Mimi nikabaki nimeinamia pale. Mafuta yameganda na vumbi na chumvi, tabaka juu ya tabaka. Majani makavu. Kiota cha panya kando ya betri. Nikaona haya. Muda wote ambao Kadzo hayupo umelala humo ndani, mtu anaweza kuugusa kwa kidole.

Ijumaa, 16 Januari

Shemeji Katana, kaka yake Kadzo, ametaka tulipeleke kwa wale wanaoosha magari barabarani, walipige kwa mashine ya maji. Dakika chache tu, shemeji, anasema. Nusura nikubali. Nimechoka.

Nikamtumia Kadzo ujumbe kwanza. Jibu limekuja baada ya alasiri. Alikuwa ananong'ona, nadhani jikoni kwao.

"Mwambie Katana aache. Maji ya nguvu yataingia kwenye nyaya, halitawaka tena. Lioshe mwenyewe hapo nyumbani, pole pole. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Toa ule waya wa betri wa hasi. Alteneta, boksi la fyuzi, koili za plagi, na pale linapovuta hewa, vifunge vyote kwa plastiki. Halafu…"

Umekatika hapo. Nangoja uliobaki.

Katana amenuna. Na anune.

Jumamosi, 17 Januari

Haukuja.

Nimepiga, haipatikani. Ujumbe wangu una tiki moja, haujamfikia. Gari sikuligusa.

Jumapili, 18 Januari

Kimya. Nimempigia wakala wa Mombasa aliyempeleka Saudia. Anasema simu huharibika, nisiwe na wasiwasi. Alikuwa na haraka ya kukata. Simwamini.

Mama mkwe alipita akitoka kanisani. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikampa kiti. Akauliza kama Kadzo amepiga. Nikasema tulizungumza juzi. Ni kweli, lakini nimemficha lililo kubwa. Alipoondoka nikaingia ndani nikakaa upande wa Kadzo wa kitanda. Naogopa. Neema yuko shule ya bweni, nyumba haina sauti. Nataka mke wangu. Nataka anisumbue. Nataka aniulize kwa nini nimeacha taulo juu ya kiti.

Jumatano, 21 Januari

Leo sikuwa na zamu. Kukaa nikitazama simu sikuweza. Nimeosha injini.

Nilianza jua halijapanda. Nikagusa chuma, baridi. Nikafungua waya wa hasi kwa spana, nikausogeza mbali usije ukarudi wenyewe na kugusa. Nikavaa glavu zangu za kazini na miwani ya kuzuia chumvi, maana ile dawa ya kuondoa grisi inachoma. Kiota nikakitoa kipande kipande. Panya wamemenya ngozi ya waya mmoja ila hawakuukata. Nikauzungushia utepe.

Plastiki nilikata ile ya godoro, tuliyoihifadhi juu ya kabati bila kujua ni ya nini. Nikafunga alteneta, fyuzi, koili, na mdomo wa hewa, nikakaza kwa kamba. Chini ya gari nikaweka beseni na mabati mawili ya zamani. Kisima hakiko mbali, na maji yenye mafuta siyataki yafike huko.

Kuanzia hapo sauti ya Kadzo haikuwepo. Nikajaribu kukumbuka mikono yake. Alikuwa anajifunga leso kiunoni, anaingiza kichwa chote chini ya boneti. Anapaka dawa, anaiacha ilainishe uchafu lakini haiachi ikauke. Anaanzia chini, anapanda juu. Anasugua kwa brashi, kwenye kona anatumia mswaki mkuukuu. Maji anayamwaga kwa kopo, kidogo, anayaelekeza mbali na nyaya. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi nikiwa nimeketi nakunywa chai. Sikujua kama nilikuwa natazama.

Chini ya matope, karibu na rejeta, nikakuta kibanio cha nywele. Chekundu, kimejaa grisi. Cha kwake. Nikakipangusa kwa kidole gumba.

Nikaketi juu ya ndoo nikalia. Mchana kweupe. Jirani akapita, akanisalimia, nikamwitikia huku nalia. Akaendelea na safari yake.

Kisha nikainuka, dawa isije ikakauka. Nikasuuza. Nikakausha kwa vitambaa, nikaacha boneti wazi hadi alasiri. Nikatoa plastiki, nikapangusa unyevu uliojificha chini yake, nikarudisha waya wa betri. Nikawasha. Likakohoa, likanyamaza. Mara ya pili likashika. Mvuke kidogo ukapanda, ukaisha. Mngurumo safi.

Nimemwandikia: Limewaka.

Tiki moja.

Ijumaa, 23 Januari

Salim hakuchukua muda. Mafuta yanatoka kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, mstari mweusi unaonekana wazi juu ya chuma safi. Amebadilisha. Akasema hakuna waya hata mmoja ulioloa, nani alinifundisha?

"Mama Neema."

"Anarudi lini?"

Nikajifanya natafuta kitambaa.

Jumapili, 25 Januari

Wakala sasa hapokei kabisa. Katana amekuja, na safari hii hakubishana. Tumeketi wawili chini ya mabati, kando ya gari. Mwishowe akasema, "Shemeji, twende tukakae mlangoni kwa huyo wakala." Kesho nimeomba ruhusa kazini. Tunakwenda Mombasa. Gari lipo tayari, na sitaki kufikiria lilikuwa tayari kwa safari gani.

Jumatatu, 26 Januari

Naandika haraka, maji ya kuoga yako motoni na yeye anayangoja.

Tulikuwa tumefika Mtwapa. Simu ikaita, namba nisiyoijua. Katana ndiye aliyekuwa akiendesha, nikapokea mimi.

"Baba Neema."

Ni Kadzo. Akasema yuko Nairobi, uwanja wa ndege, ameazima simu ya mama mmoja waliyekaa naye kwenye ndege. Yake ilichukuliwa siku ile akinirekodia ujumbe. Mwenye nyumba alimkuta akinong'ona. Hakurudishiwa. Jana alasiri wakamwambia afunge mzigo, bila kuelezwa anapelekwa wapi, hadi alipoona ndege. Sasa anangoja ya Mombasa.

"Uko wapi?" akauliza.

"Mtwapa."

"Na nani?"

"Na Katana. Na gari lako."

Nilimsikia akivuta pumzi.

Uwanja wa ndege wa Mombasa alitoka na begi dogo ambalo si lile aliloondoka nalo. Amekonda. Alikuja moja kwa moja, akaweka kiganja juu ya boneti kwanza, kisha akashika mkono wa shati langu na hakuuachia. Katana akampa ufunguo. Akatikisa kichwa kukataa. Tukakaa nyuma sote wawili. Hakusema neno hadi tulipopita Kilifi, na neno lenyewe lilikuwa kuomba maji ya kunywa. Nilikuwa namtazama shingo. Hamu yangu haikuisha, na yuko kando yangu. Sikujua inaweza kuwa hivyo.

Jumatano, 28 Januari

Mchana. Kadzo amelala. Amelala hivi tangu jana, anaamka, anakula kidogo, anarudi.

Asubuhi nilipotaka kwenda dukani nilishika ufunguo wa mlango. Akainua kichwa. Akaniomba nisifunge. Akasema huko walikuwa wanamfungia kwa nje. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akageukia ukutani.

Dukani sikwenda. Nimetafuta jiwe zito, nimelikingamisha mlangoni upepo usije ukaufunga. Nimeketi kizingitini na naandika. Kuku wa jirani wanaingia, wanazunguka kitanda, wanatoka. Nimewaacha.

Amegeuka sasa. Uso wake uko upande huu.