Salama ya Mstari wa Kwanza

Miyuji,
Dodoma.

Mke wangu mpenzi, mama Salehe,

Assalaam aleikum. Barua hii ikukute umekaa. Na kama umelala, basi aliye karibu nawe akusomee polepole. Sitakuuliza habari za nyumbani. Nimekuuliza kwa simu kila Ijumaa tangu nije huku, nawe umenijibu kila mara kwamba ni nzuri. Nakuandikia kwa sababu ninataka jambo moja tu: uniambie unaumwa nini, na unaumwa kiasi gani.

Utajiuliza ni nani aliyenieleza. Nitafika huko. Kwanza nikueleze yaliyotupata kazini, kwa kuwa bila hayo hutaelewa kwa nini mtu kama mimi, aliyekuwa akiwakemea watoto wanaompita mkubwa bila shikamoo, leo ananung'unikia salamu.

Unajua kwamba shirika letu linahudumia kliniki za vijijini. Kumbukumbu zote za wajawazito na watoto wao zilikuwa katika seva moja hapa ofisini, yaani kompyuta kubwa inayotumia mfumo wa Linux. Kompyuta ya namna hiyo haiachwi bila mlinzi, kwa hiyo tuliiwekea programu ndogondogo ziitwazo plagini. Kila plagini ina swali lake. Moja huuliza kama diski imejaa, nyingine kama chumba kimepata joto, nyingine kama nakala ya akiba imechukuliwa. Jibu likiwa baya, ujumbe hutumwa kwenye simu zetu. Likiwa jema, hukaa kimya. Ni kama unavyoinjika maharage, ukamwacha mtu jikoni akuite yakitaka kuungua, ukaenda zako shambani.

Nyingi tulizichukua zikiwa tayari. Ile ya nakala ya akiba hatukuipata inayotufaa, ikabidi tuiandike wenyewe. Aliyeiandika ni Mama Neema, fundi mwenzangu, Mgogo wa hapahapa, mwanamke mwangalifu asiyependa makelele. Niliipitia nikaona hesabu zake ni sahihi na Kiswahili chake ni safi, nikaiweka kazini.

Baada ya muda simu zikaanza kupokea ujumbe: "Hapa ni salama." Asubuhi salama, jioni salama. Tulifurahi. Hakuna aliyekumbuka kwamba plagini haitumi ujumbe ila kukiwa na baya. Mkuu wetu wa ofisi alikuwa akiusoma kwa sauti wakati wa chai na kusema, "Mashine ya Mama Neema ina adabu kuliko ninyi nyote," nasi tukacheka.

Kisha umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikafa. Sikushtuka. Nilikwenda kufungua nakala ya akiba, nikakuta patupu. Haikuwahi kuchukuliwa tangu tulipobadilisha mahali pa kuihifadhi, mwishoni mwa masika. Nikamwita Mama Neema, tukafungua plagini yake, ndipo nikaona. Ujumbe ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: "Hapa ni salama." Wa pili: "Ila nakala ya akiba haijachukuliwa." Na mfumo, kwa mpangilio tuliouacha kama ulivyokuja, hutuma simuni mstari wa kwanza tu. Mistari yote miwili niliiona siku ile nilipoipitia, wala haikunigutusha, kwa kuwa hata mimi ndivyo ninavyosema.

Mkuu alikuja juu. "Mama Neema, mashine nayo inapiga hodi? Nyumba inaungua, yenyewe inasema salama?"

Mama Neema hakuinua macho. "Mkuu, mtu haingii na msiba mdomoni. Kwetu ni salamu ya mbukwenyi kwanza, msiba baadaye. Hata mjumbe wa kifo hukaa, akapewa maji, akaitikia kwamba huko atokako ni kwema. Ndipo aseme 'ila'."

"Mjumbe ni mtu! Hii ni mashine!"

"Mashine, ndiyo. Lakini anayeusoma ujumbe ni mzee," akajibu, akinyoosha mkono kwangu. "Ningemwanzaje mzee na ubaya?"

 Nilichukua daftari, nikaanza kuorodhesha vijiji vya kliniki zetu.

Sasa mama anafika kliniki, muuguzi anafungua kompyuta, jina lake halimo. Yupo mmoja aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, hawezi kueleza walichomfanyia, na kadi yake imeliwa na mchwa. Tunazunguka vijijini kuandika upya kile watu wanachokumbuka, nao wanakumbuka kidogo. Mtoto wa pili alichanjwa nini? Hajui hata mama yake. Mengi hayatarudi, na ninajua hayatarudi, lakini kila asubuhi nabeba kalamu na kupanda gari. Sidhani kama mkataba wangu utaongezwa, wala sina moyo wa kuuombea.

Hayo ningeyavumilia. Jumamosi nilikwenda soko la Majengo kutafuta mboga, nikamkuta Kaniki, yule mchuuzi wa kwetu Mlalo anayeleta matunda ya plamu huku.

"Shikamoo mzee. Pole na mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

Akawa kama aliyemeza kokwa. "Aa, mzee, nimesema tu. Kwani wagonjwa wamekosekana duniani? Onja hii, imetoka juu kabisa, sukari tupu."

"Kaniki. Mgonjwa yupi?"

Akapanga plamu zake upya, ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. "Mimi nilimwona mama Salehe siku moja tu. Walikuwa wamemshika huku na huku wakimpandisha gari la kwenda Lushoto. Amekonda, mzee. Lakini nilimsalimia, akasema hajambo."

Akasema hajambo! Mke wangu, umeshikwa mikono miwili, miguu haikubebi, na bado unamwambia mpita njia kwamba hujambo.

Jioni ile nilikupigia. Nikakuuliza habari, ukajibu, "Nzuri tu, baba Salehe, ila..." Ukakohoa, kisha ukaniuliza kama huku mvua imenyesha. Mvua haijanyesha. Nchi yote ni kahawia mpaka macho yanauma. Hilo si ulilotaka kusema, nami nalitaka lile ulilotaka kusema. Tangu siku hiyo najiuliza ni mara ngapi umelianza, nami nimekwisha kuaga na kukata simu, nimeridhika, nikaenda kula.

Kwa hiyo nakuomba, na kama ombi halitoshi ninaamuru: karatasi utakayonijibu isianze na salamu. Andika kwanza panapouma. Andika walichokuambia hospitali, kwa maneno yao, hata kama huyaelewi. Andika kama unakula, na kama usiku unapumua vizuri. Mkono ukichoka, mwachie mdogo wako Zaina aandike. Mwambie shemeji yangu huyo kwamba simlaumu kwa kunificha. Alilelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yanayonitesa. Mpe mkono mama mkwe wangu, ambaye najua hatoki kando ya kitanda chako. Mwalimu Singano, jirani yetu wa mtaa wa chini, mwombe akusomee dua, na asinipigie mimi kunituliza.

Nami nisikudai nisichotoa. Silali. Suruali zangu zote zinanipwaya. Kumbukumbu za watu zimepotea mikononi mwangu. Ruhusa ya kuja nyumbani nimenyimwa mpaka vijiji vyote viishe kuandikwa, na sijui nitaendelea kutii mpaka lini. Ninaogopa, mama Salehe. Sikumbuki kama nimewahi kukuambia neno hili katika ndoa yetu. Ninaogopa kwamba barua hii itafunguliwa na mtu mwingine chumbani kwetu, naye, kwa heshima aliyonayo kwangu, atanipigia simu na kuniuliza kwanza habari za Dodoma.

Mimi mumeo, asiyejua lolote,

Hemedi