Tangazo la Tekla Limechelewa, na Sharti Ni Lake Mwenyewe

Ni mwaka mmoja na ushee sasa tangu ututoke, Tekla, na lawama za huo ushee ni zako. Tangazo hili lilitakiwa litoke siku ile ile ya misa yako ya kutimiza mwaka. Maneno yetu yalikuwa tayari, na picha ilikuwa tayari, ile uliyonuna kwa sababu mpiga picha alikuharakisha. Lakini Baba alipiga meza kwa ule mkono wake uliobaki mzima, akajigusa kifuani, akaionyesha picha yako. Alitaka naye aweke neno lake gazetini. Na wewe ulituachia sharti humu ndani kwamba Baba akianza neno, mtu asimmalizie.

Basi tumengoja. Binti wa gazeti amepiga simu kutoka Dar es Salaam mpaka sasa ananiita dada. Mara ya mwisho aliniuliza, "Dada Consolatha, kwani huyo mzee anatunga kitabu?" Nikamwambia amuulize marehemu.

Wasomaji wasiokufahamu wajue kwamba ulizaliwa Goweko, kitinda mimba wa mkulima wa tumbaku, ukaenda kusomea ubongo. Hukuwa daktari wa kupasua vichwa, kama kaka yetu Leodgar alivyokuwa akiwadanganya wenzake kwenye vinywaji. Ulichunguza jinsi mtu anavyolitafuta neno mpaka likatoka, jinsi anavyotuliza akili kwenye jambo moja, na kinachoharibika akigongwa kichwa au akipigwa na kiharusi. Ni kazi nzuri na tulijivuna nayo. Kuishi na mwenye kazi hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Ulikuwa ukiingia nyumba ya mtu, kabla hujavua viatu, umeshazima redio. "Akili iliyoumia haibebi mizigo miwili," ulikuwa unasema. Sawa, mdogo wangu, lakini zetu zilikuwa nzima na mpira ulikuwa dakika za mwisho! Mumeo Wilbroad mpaka leo anasimulia kwamba siku alipokuja kujitambulisha kwetu alikuta umempangia mezani picha za kuku, jembe na mwavuli, azitaje harakaharaka. Maskini, alidhani ndiyo mila ya Wanyamwezi. Akazitaja zote, tena kwa heshima.

Vijana wa bodaboda wa hapa kwetu Ipuli nao hukuwapa raha. Ulikuwa unasimama kijiweni kwao unagonga kofia zao ngumu walizozitundika kwenye usukani, unawauliza kama ubongo wao unakaa kwenye usukani. Walikununia. Siku ya mazishi yako walisindikiza jeneza wote wamevaa kofia, na mimi nilikasirika kwa nini hawakuvaa ungali hai ukaona.

Halafu kule Ziba, kwa yule mfugaji Masolwa aliyepigwa teke la kichwa na dume la ng'ombe. Kiswahili kilimtoka chote, akabaki na Kisukuma peke yake, na ndugu zake wakasema ana jini lisilopenda lugha ya serikali. Wewe ukasema, "Hakuna jini hapa, kuna kwato." Ukawa unaenda na kurudi juu ya pikipiki, masika na kiangazi, unafika kwangu umejaa tope na kumaliza michembe yangu yote, viazi nilivyokausha kwa mikono yangu, bila kuuliza ni ya nani. Siku Masolwa alipokupigia simu kwa Kiswahili, akakwambia lile dume wameshalila, ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimekuandalia maneno makali kuhusu michembe. Nikakaa nawe pale sakafuni.

Lakini kwa Baba ndipo ulipotutoa jasho.

Kiharusi kilimpata akiwa kwenye bani la kukaushia tumbaku, na alipotoka hospitali na kuletwa hapa Ipuli alikuwa na neno moja tu, "Marahaba." Ukimwuliza njaa, marahaba. Ukimwuliza choo, marahaba. Majirani walifurahi sana. Walipita wakamwamkia, akawajibu vizuri kabisa, wakaenda kutangaza kwamba Mzee Raymundi amepona. Wewe peke yako ulikunja uso. Ulituambia marahaba inajitokea yenyewe, kama mguu unavyojua njia ya nyumbani, na kwamba Baba mwenyewe bado yuko ndani anatafuta mlango.

Ndipo ukaleta sharti lako. Akianza neno, kimya. Hakuna kumsaidia. Sasa Tekla, wewe si mgeni kwetu. Mzee hahangaiki mbele ya watoto wake. Akinyoosha mkono, kiti kimeshafika, na akisema "le...", unamjibu "naleta maji, Baba" na kata iko mkononi. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, na wewe ukaiita ugonjwa wa pili. Ulisema tunamnyang'anya maneno kwa mikono miwili huku tumepiga goti. Leodgar alisusa kuja kula wiki nzima.

Subira yavuta heri, hatukatai, lakini ugali ulikuwa unapoa. Baba anatafuta "chumvi", sisi tumekaa, chumvi tunaiona, yeye anaiona, na wewe umetukazia macho kama msimamizi wa mtihani. Na kila jioni ulikuwa unamkalia mbele unamwuliza, "Baba, mimi nani?" Anakutazama, machozi yanamlengalenga, midomo inahangaika, na jina halitoki. Nilikuchukia jioni hizo, nakwambia ukweli. Nawe ulikuwa ukiondoka pale unakwenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kisha akaja Mzee Adriano, mtani wetu, Mgogo aliyelowea hapa Ipuli. Babu zetu walikuwa wakipita kwao na mizigo kwenda pwani, wakigombana nao kwa maji na chakula, mpaka ugomvi ukazaa utani, na mtani hana mpaka. Watu wote waliingia kwa pole. Yeye akasimama mlangoni akasema, "Mnyamwezi, umejificha ndani ya ugonjwa ili usinijibu?" Tukashika vichwa. Baba akatikisika mabega, kumbe ni kicheko, akatoa, "Nenda... zako."

Wewe ulimkimbilia yule mzee na kumshika mkono kama aliyekuletea barua ya ajira. Ulitueleza baadaye, tukitaka tusitake, kwamba sisi kwa heshima yetu tulikuwa hatuhitaji jibu la Baba, tulikuwa nalo tayari. Mtani anahitaji kujibiwa, la sivyo utani wake umeanguka. Kwa hiyo anangoja, na mgonjwa anajua kwamba anangojwa. Tangu hapo ukawa unazunguka na watani kwa wagonjwa wako, Ziba, Goweko, mjini, na sisi tukawa tunapokea lawama. Jirani alinisimamisha sokoni akaniuliza, "Hivi ni kweli mdogo wenu msomi anakodi watu wa kutukana wagonjwa?" Nikamjibu kwamba hakodi, wanakuja bure.

Baba akaongeza neno, akaongeza jingine. Chumvi ikapatikana. Jina lako halikupatikana, nawe ukakataa katakata tumnong'oneze. "Atalileta mwenyewe," ukasema. "Mimi nipo tu."

Haukupita muda, homa ikakuchukua kwa siku chache, na hukuwepo tena.

Hilo ndilo linalotukera kuliko yote. Ulimwambia upo. Siku ya mazishi Baba alikaa kwenye kiti nje, watu wakipita kumpa mkono. "Pole, mzee." "Marahaba." "Pole sana, Mzee Raymundi." "Marahaba." Maneno yote uliyomtafutia yalikuwa yamerudi mafichoni, na wewe uliyejua njia ya kuyaendea ulikuwa ndani ya sanduku. Nilitaka kukugombeza, na sikuwa na wa kumgombeza.

Sharti lako tumelishika mwaka mzima. Usidhani tumelipenda. Tumelishika kwa sababu ndicho kitu chako pekee kilichobaki kinachotukera kila siku, na tukikiacha nyumba itakuwa kimya mno.

Turudi kwenye tangazo. Siku ya misa yako ilipita, Baba bado anatafuta. Leodgar akachoka, akaandika kwa niaba yake, "Mwanangu mpendwa, Mungu akulaze mahali pema," akamsomea. Baba akaisukuma karatasi mpaka ikaanguka. Mimi nikajaribu "Pumzika kwa amani." Akanigeuzia uso ukutani. Maneno yalikuwa mazuri, Tekla, ila hayakuwa yake.

Jumapili iliyopita, tumetoka kanisani, tuko mezani na chai, Mzee Adriano akaingia bila hodi. Tulishamweleza shida yetu. Akamwinamia Baba.

"Wewe Mnyamwezi! Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe neno moja tu limekushinda kulifikisha gazetini?"

Baba akamtazama. "Mgogo... we... kelele!"

"Kelele ndiyo kazi yangu. Ya kwako iko wapi?"

Tukacheka, hata Wilbroad asiyecheka siku hizi. Kisha Baba akaigeukia picha yako ukutani, na mdomo ukaanza kuhangaika. Nikainuka nikazima televisheni. Leodgar akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Mzee Adriano alishika fimbo yake akangoja kama mtu anayedai jibu. Chai ikapoa, ikafanya utando. Nilikuwa nimebana meno kwa hasira na wewe, na machozi yananitoka.

Akalisema. Lilitoka kwa vipande, lakini lilitoka, na hakuna aliyemgusia hata silabi.

Tukangoja tena, labda kuna linalofuata. Akavuta kikombe chake akanywa chai baridi. Tumemngoja wiki nzima hii, maana sharti lako halikutufundisha jinsi ya kujua kama mtu amefika mwisho au amepumzika njiani. Leodgar anaona tulirefushe kidogo, lipendeze. Nimekataa. Tumeliweka chini kabisa kama alivyolitoa, na tunamwomba binti wa gazeti asilinyooshe. Nafasi itakayobaki baada yake aiache wazi.

Unakumbukwa na baba yako Mzee Raymundi. Mumeo Wilbroad na mwanao Veneranda, ambaye naye ameanza kutuzimia redio. Kaka yako Leodgar. Mimi dada yako Consolatha. Mtani wako Mzee Adriano, aliyesema asipotajwa atakuja kulala barazani kwetu. Masolwa na jamaa zake wa Ziba. Na ukoo wote wa Goweko na Ipuli.

Misa imeshasomwa. Umetuchosha, mdogo wetu, na tunakupenda. Daima tutakukumbuka, tukiwa tumekaa kimya, chakula kinapoa.

Neno la Baba:

"Tekla. Sijamaliza."