Mama Bado Anabonyeza

Dada yangu,

Sisi tupo. Paa la jikoni linavuja palepale, na fundi simu wa jirani amehamishia meza yake barazani kwetu, hivyo Mama hakosi wa kupiga naye soga.

Uliponiuliza habari za makala zangu za mtandaoni, nilikujibu zinaendelea. Haziendelei. Wenye tovuti walikuwa wakilipa kulingana na watu wanaofungua makala, na wangu walizidi kila siku. Nikavimba kichwa, nikaona jina langu sasa linajulikana. Kumbe ni Mama. Kusoma hajui, lakini fundi alimwonyesha pa kubonyeza, basi akawa anafungua na kufunga tangu chai ya asubuhi. Fundi naye akamsaidia kwa simu za wateja.

Wenye tovuti wakasema huo ni udanganyifu. Wamenifungia na kufuta makala zote. Nimejieleza mpaka nimechoka, hawajibu. Kwingine wanataka kuona nilichowahi kuchapisha, nami sina cha kuwaonyesha.

Mama sijamwambia. Nitaanzaje? Leo nimemkuta barazani anabonyeza, na kwenye kioo kuna mstari mmoja tu unaosema makala haipo. Akautazama kwa furaha, akaniambia, "Siku hizi unaandika kwa kifupi, mwanangu. Ni vizuri, watu hawachoki."

Akikupigia kukuuliza kama umeisoma ya leo, tafadhali mwambie umeisoma.

Ni mimi, mdogo wako