Abiria wa Kiti cha Dirishani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Marlboro, Johannesburg
Jina: Nomkhosi Dladla. Umri: miaka 52. Kazi: msusi. Makazi: Orlando, Soweto.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya Konstebo Tebogo Lesole, ambaye asubuhi hii nilikataa kumjibu hata jina langu.

Leo tarehe 14 Juni, saa tatu na robo asubuhi, nilikuwa kituo cha treni cha uwanja wa ndege. Nilitoka Durban kwenye arusi ya mdogo wangu. Mbele yangu getini alikuwepo mzee mmoja aliyebeba tawi la miba lililofungwa shuka jeupe. Baadaye nilijua ni Mzee Mkhwanazi. Aligusisha kadi yake ya nauli akapita. Kisha akanyoosha mkono, akagusisha kadi ya pili. Geti likafunguka na hakupita mtu. Akasubiri kidogo, kama anayempisha mgonjwa. Hapo nikaelewa.

Konstebo ameniomba nieleze, maana kwao hawafanyi hivi. Kwetu mtu akifia mbali, roho yake inafuatwa pale alipofia kwa tawi la mti wa umlahlankosi. Inalipiwa nauli na kupewa kiti. Anayelibeba huongea na marehemu peke yake. Akimsemesha mtu mwingine njiani, marehemu hupotea, hafiki nyumbani.

Ndani ya treni niliketi kuwaelekea. Mzee aliliweka tawi kiti cha dirishani. Nilimsikia akisema, "Bhekani, hii ndiyo treni. Kaa dirishani, ulipapenda tangu mdogo. Mwili ushatangulia na gari. Jumamosi tunakuzika, mwanangu, usije ukabaki njiani."

Akaja kijana mwenye masanduku mawili, simu sikioni. Akasema, "Mzee, kiti si cha kuni. Unakwenda kupika?" Watu wakacheka. Mzee kimya. Kijana akasema, "Kumbe bubu!" Mimi nikamwambia, "Wewe, liache hilo, kuna mtu hapo." Akaniangalia kama anayemtazama mwendawazimu.

Tulipofika Marlboro milango ilifunguka. Yule kijana alilinyakua tawi na shuka lake, akalirusha nje kama ganda la ndizi. Mzee alipiga ukelele, lakini masanduku yalimzuia. Mimi nilikuwa karibu na mlango. Sikufikiri. Niliruka nje, nikaliokota, na milango ikafungwa. Sanduku langu likabaki ndani. Mzee alikuwa kwenye kioo, viganja viwili, mdomo wazi, na treni ikamchukua.

Nililitazama lile tawi mkononi mwangu. Mimi si wa ukoo wao, na sikujua kama nina ruhusa. Niliogopa sana. Nikasema, "Bhekani, mimi ni mama Dladla. Baba yako yuko mbele kidogo. Tumngoje." Kuanzia hapo sikusema na mtu.

Mlinzi alikuja, akaniuliza kwa upole kama naumwa. Sikumjibu, akanileta hapa. Konstebo Lesole aliniuliza, "Mama, jina lako nani? Unatoka wapi?" Mwenzake akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu ana jambo." Konstebo akasema, "Usipojibu, mama, utalala ndani." Maneno yalinijaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Pale saluni wananijua: nikinyamaza, wateja huuliza nani kafa. Nilifinya midomo, nikalikumbatia tawi, miba ikanichoma, machozi yakanitoka. Wakadhani ni hatia.

Saa nne na nusu mzee aliingia, amerudi na treni nyingine, mkononi ana sanduku langu. Kwa kuwa hakuwa na tawi mkononi, alikuwa huru kusema, hivyo yeye ndiye aliyewaeleza polisi yote. Konstebo Lesole alivua kofia. Kisha mzee akaweka sanduku miguuni pangu, akapokea tawi kwa mikono miwili, akasema, "Bhekani, tulipoteana kidogo tu. Huyu mama alikuwa nawe. Twende."

Baada ya hapo hakusema na yeyote, hata asante hakuniambia. Aliinamisha kichwa tu. Mimi ndipo nikalia kwa sauti.

Konstebo ameniambia lazima iandikwe sababu ya kukataa kujibu maswali ya polisi. Sababu ni kwamba sikuwa peke yangu.

Nimesomewa maelezo haya, nayakubali, ni yangu.

(Sahihi) N. Dladla

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami. Kijana wa masanduku anatafutwa. Mzee Mkhwanazi amepelekwa stendi ya mabasi kwa gari la kituo. Abiria: wawili. Dereva ameagizwa asiwasemeshe.
Konst. T. Lesole