Nani Anakula Intaneti Yetu

Jumatatu, 3 Februari

Nimezima ruta tena. Nimehesabu mpaka thelathini, nimewasha. Taa zote kijani, spidi ile ile: megabiti moja, tena haifiki. Kifurushi ni cha ishirini.

Siku ya hamsini na mbili ya eda. Zimebaki sabini na nane. Alhamisi saa nne nafundisha somo la majaribio mtandaoni, Kiswahili kwa wanawake wa kigeni. Nikipata kazi, nabaki hapa Kerege, kwangu. Nikikosa, eda ikiisha kaka anakuja kunichukua nikamlelee kuku wake Ubena. Sitaki kuku, sitaki Ubena. Mtu mwingine angebeba kompyuta yake akaenda kwa rafiki. Mimi mwisho wangu mlango wa uani.

Jumanne, 4 Februari

Fundi wa intaneti amekuja. Mama mkwe kamkalisha sebuleni, mimi nyuma ya pazia la chumba. Fundi ananiuliza, najibu, Mama anamrudilia jibu langu kana kwamba kijana ni kiziwi. Ruta imehamishwa dirishani, juu ya kabati, juu ya friji. Mama anaibeba kwa mikono miwili kama sinia la pilau. Hakuna kilichobadilika.

"Mnara mnaupata vizuri, dada. Humu ndani mnatumia wangapi?"

Nikasema mimi peke yangu, Mama hatumii. Akacheka. Nimeudhika. Akanielekeza namna ya kuingia ndani ya ruta nijionee mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari

Vifaa thelathini na kimoja.

Majina mengi nayajua. Wakati wa msiba, baba mkubwa wa marehemu aliandika neno la siri kwenye kipande cha boksi akakitundika barazani, juu ya birika la kahawa, waliolala matanga wasikose. Matanga yameanuliwa, simu hazijasahau. Majirani wote wa nyuma ya ukuta wamo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye mgonjwa. Na nitamnyimaje mtu aliyebeba jeneza la mume wangu?

Kisha nikaona anayekula kuliko wote. Jina: Salumu.

Mume wangu. Simu yake Mama aliifungia kashani siku ya khitma, mimi nikiona. Kuna mtu kati ya waliolala matanga kaiba simu ya maiti. Kikulacho ki nguoni mwako. Sijamuuliza mtu, nimewachukia wote.

Neno la siri alilichagua Salumu: jina langu na mwaka tuliooana. Nimelia, halafu nimelibadilisha.

Alhamisi, 6 Februari

Spidi kumi na nane. Somo limekwenda vizuri. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, kaniambia nianze Jumatatu.

Nimempigia kaka: kuku wako lea mwenyewe. Jirani kauliza dirishani mbona intaneti imekatika. Nimesema sijui. Nimeona haya, lakini sikumpa.

Ijumaa, 7 Februari

Baada ya Laasiri Mama kaingia chumbani kwangu. Kakaa ukingoni mwa kitanda, kafungua pindo la kanga, katoa simu ya Salumu.

"Mwanangu, Salumu hatokei tangu juzi."

Sikuelewa. Akanionyesha. Salumu alikuwa fundi wa friji, na alikuwa akijirekodi kazini, video anaziweka mtandaoni wenzake wajifunze. Mama huwasha akishaswali Alfajiri, anaziacha zijiendeshe zenyewe hadi Isha, simu iko chini ya mto. Za friji haelewi hata moja. Anasikiliza sauti.

Nimemwonea huruma, na nimejichukia. Siku hamsini na zaidi tunalala ukuta kwa ukuta, nami nilidhani kulia nalia peke yangu.

Nimeandika neno jipya kwenye simu ile. Salumu katokea, bisibisi mkononi, anaeleza gesi inavyovuja. Tumemtazama mpaka mwisho, na ya pili pia.

Nimemwomba Mama, Jumatatu saa nne, kwa saa moja tu, asimfungue. Amekubali.